Je, Wajua? Fundi na Hakimu Ndani ya Ubongo wa Kijusi

Je, wajua kwamba uzi wa DNA huchakaa wenyewe, bila sumu, bila mionzi, bila kuguswa na yeyote? Maji yaliyomo ndani ya seli na joto la kawaida la mwili vinatosha. Herufi zake huchomoka moja moja kama shanga kwenye mkufu uliolegea. Mwaka 1972 mtafiti wa Sweden, Tomas Lindahl, alikadiria kwamba kila seli ya mnyama kama sisi hupoteza herufi zipatazo 10,000 kwa siku kwa njia hiyo moja tu. Kabla ya hapo wengi walidhani DNA ni imara kama jiwe. Kwani si ndiyo inayorithiwa kutoka kwa babu hadi kwa mjukuu? Lindahl akawaza kifundi: kitu kinabomoka kwa kasi hii, nasi bado tupo, basi lazima kuna anayekikarabati usiku na mchana. Akaanza kuwasaka mafundi hao, akawapata. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na Paul Modrich wa Marekani na Aziz Sancar, daktari aliyezaliwa katika mji mdogo wa Savur huko Uturuki.

Mafundi hawa wakitajwa, mara nyingi huwa ni katika habari za saratani. Leo tuwafuate kwingine, ndani ya kichwa cha mtoto ambaye hajazaliwa.

Ubongo wa mtu mzima una nyuroni, yaani seli za neva, bilioni 86 hivi. Hesabu hiyo ilitolewa mwaka 2009 na Suzana Herculano-Houzel na wenzake nchini Brazil, ambao waliusaga ubongo mpaka ukawa supu, kisha wakahesabu viini vya seli vilivyokuwa vikielea humo. (Ndiyo, supu. Mwenyewe ndivyo anavyoiita.) Zigawanye nyuroni hizo kwa dakika zote za miezi tisa, utapata zaidi ya 200,000 kwa kila dakika. Ni hesabu ya haraka haraka tu, maana mimba haianzi na ubongo siku ya kwanza, na ule ubongo mdogo wa kisogoni, wenye nyuroni nyingi kuliko sehemu nyingine zote zikijumlishwa, huendelea kuongeza seli hata baada ya mtoto kuzaliwa. Lakini inatupa picha ya kasi yenyewe.

Na kila seli inapogawanyika hulazimika kunakili herufi bilioni 6, uzi wa takriban mita 2 uliokunjwa ndani ya kiini kisichoonekana kwa macho. Ukinakili mbio mbio hivyo, uzi utakatika tu. Mwaka 2016 maabara ya Frederick Alt mjini Boston ilichora ramani ya mahali unapokatika mara kwa mara katika seli mama za ubongo wa panya zinaponakili kwa shida kidogo. Yalipatikana maeneo 27. Mengi yamo ndani ya jeni ndefu ndefu, na karibu zote ni zile zinazoziwezesha nyuroni kushikana na kupeana habari. Yaani uzi hukatikia palepale ambapo ubongo unapahitaji zaidi.

Je, wajua kwamba nyuroni nyingi huzaliwa na kufa kabla hazijafanya kazi hata siku moja? Rita Levi-Montalcini alilitazama jambo hilo akiwa chumbani kwake. Sheria za kibaguzi za Mussolini za mwaka 1938 zilikuwa zimemfungia milango ya chuo kwa sababu alikuwa Myahudi, akajitengenezea maabara katika chumba cha kulala nyumbani kwao mjini Turin, akinoa sindano za kushonea ziwe vifaa vya kupasulia viinitete vya kuku. Aliona nyuroni zikichipuka, zikitafuta mahali pa kujishikiza, na zilizokosa zikifa. Baadaye, akiwa Marekani, yeye na Stanley Cohen waliitambua protini inayozilisha zile zilizofanikiwa, wakapata Nobel mwaka 1986. Katika baadhi ya sehemu za mfumo wa neva, karibu nusu ya nyuroni huondoka kwa njia hii.

Kifo chenyewe kina adabu zake. John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie walikipa jina mwaka 1972, mwaka uleule wa hesabu ya Lindahl, wakachukua neno la Kigiriki lenye maana ya majani kudondoka mtini. Sisi hatuna haja ya kuazima, kwa kuwa Kiswahili kina kupukutika. Seli inayopukutika haipasuki na kuwamwagia majirani uchafu. Hujikunja, hukatakata DNA yake, hujifunga vifurushi vidogo, na majirani huvimeza vyote. Ukirudi siku ya pili huoni hata alama.

Kwa muda mrefu ilieleweka hivyo: nyuroni hugombania chakula, na zinazokosa hupukutika. Kwamba kuna mchujo wa pili, usiojali chakula wala majirani, kulidhihirika mwaka 1998.

Kwanza tuwajue mafundi. DNA ni nyuzi mbili zilizosokotana. Ukikatika mmoja, si neno, kwa sababu wa pili unabaki kama kielelezo na herufi zilizopotea hujazwa kwa kuutazama. Balaa ni pale nyuzi zote mbili zinapokatika mahali pamoja. Hapo kuna mafundi wa aina mbili. Wa kwanza hufanya kama fundi cherehani mwenye nguo nyingine ya aina ileile iliyotundikwa pembeni: hupima, hulinganisha, hushona upya bila kukosea. Ila nguo hiyo ya pili hupatikana kwa muda mfupi tu, baada ya seli kunakili DNA yake na kabla haijagawanyika. Fundi wa pili hana kielelezo. Huzishika ncha mbili na kuziunga, kama mvuvi anayefunga kamba iliyomkatikia baharini. Fundo humla inchi moja au mbili, lakini jarife linavutika.

Nyuroni ikishazaliwa haigawanyiki tena, kwa hiyo nguo ya kulinganishia haina. Imebaki na fundi wa mafundo peke yake. Na fundo la mwisho hukazwa na kimeng'enya kiitwacho DNA ligesi 4, kikisaidiana na mwenzake XRCC4.

Mwaka huo wa 1998, Lindahl na Deborah Barnes wakiwa Uingereza, na kundi la Alt huko Boston, walitengeneza panya wasio na ligesi 4. Viinitete vilikufa kabla ya kuzaliwa. Panya waliokosa XRCC4 nao hali yao ilikuwa hiyohiyo. Walipopasuliwa, ubongo na uti wa mgongo vilikutwa vimejaa nyuroni zilizopukutika. Tena si seli zozote za ubongo. Seli mama, zile zilizokuwa bado zinagawanyika, kwa sehemu kubwa zilisalimika. Zilizoanguka ni zile changa, ambazo ndiyo kwanza zimeacha kugawanyika na zinajiandaa kuwa nyuroni kamili, kama mwanafunzi anayezimia mlangoni mwa chumba cha mtihani. Mwaka 2006 Peter McKinnon na wenzake mjini Memphis wakaonyesha upande wa pili: ukimwondoa yule fundi cherehani, sasa zinazopukutika ni zile zinazogawanyika. Mafundi hawa hupokezana zamu, na makabidhiano hufanyika pale pale nyuroni inapozaliwa.

Mpaka hapa msomaji anaweza kusema hakuna la ajabu. Uzi umekatika, fundi hayupo, seli imekufa, ulitegemea nini? Hivyo ndivyo nami nilivyosoma mara ya kwanza, na ndivyo ningeendelea kuamini kama si jaribio la mwaka 2000.

Watafiti waliwachukua panya walewale wasio na ligesi 4, wakawaondolea na jeni moja zaidi, ile ya protini p53. Kazi ya p53 si kukarabati chochote. Hupokea taarifa kwamba DNA imeharibika, kisha hukata shauri: seli isubiri, au ipukutike. Tumwite hakimu. Hakimu alipoondolewa, nyuroni hazikufa. Nyuzi zilikuwa bado zimekatika, fundi bado hayupo, ligesi 4 haikurudishwa hata chembe, lakini ubongo ukajengeka na panya wakazaliwa hai.

Kumbe uzi uliokatika haukuwa umeziua zile nyuroni. Ziliuawa kwa hukumu. Zingeweza kuishi, na ubongo ukazikataa.

Na gharama ya kumfukuza hakimu? Panya hao wapya walikua kidogo, kisha wakafa wadogo kwa saratani ya seli za kinga. Seli za kinga hukata DNA zao makusudi ili kutengeneza kingamwili za kila namna, na bila fundi wala hakimu vipande vya kromosomu vilijiunga ovyo. Bora nusu shari kuliko shari kamili, na hakimu analijua hilo kuliko sisi.

Najua kila mtu hapa anangoja nitaje methali ya ufa na ukuta. Ubongo wa kijusi hauifuati. Wenyewe ukikuta ufa usiozibika kwenye tofali, hulitupa tofali zima na kuchukua jingine, kwa kuwa bado yapo mengi. Ukali huu una maana ukijua nyuroni inatarajiwa kukaa muda gani. Hilo nalo lilipimwa kwa njia ambayo hakuna aliyeipanga. Majaribio ya mabomu ya nyuklia angani, hasa kati ya miaka ya 1955 na 1963, yaliongeza kaboni-14 hewani kote duniani. Mimea iliivuta, wanyama wakala mimea, watu wakala vyote viwili, na kila seli iliyozaliwa ikabeba ndani ya DNA yake kiasi kilichokuwepo mwaka huo. Jonas Frisén na wenzake mjini Stockholm walitumia alama hiyo, na mwaka 2005 wakaonyesha kwamba nyuroni walizopima kwenye gamba la ubongo zina umri uleule wa mwenyewe. Ngozi yako ni ya juzi na damu yako ni ya miezi hii. Nyuroni unazotumia kusomea sentensi hii zilikuwepo ulipokuwa unajifunza kusema mama. Ukiajiri mtu asiyestaafu wala kubadilishwa, usaili lazima uwe mkali.

Ila ukali huo una waathirika wake, nao ni watoto. Wapo wanaozaliwa na ligesi 4 dhaifu, isiyokosekana kabisa lakini isiyokaza fundo vizuri. Wengi wao huwa na kichwa kidogo, na kinga ya mwili hafifu. Ndivyo ilivyo pia kwa ugonjwa uliopewa jina la mji wa Nijmegen nchini Uholanzi, ulikoelezwa mwaka 1981. Hapo kasoro iko kwenye protini inayotambua palipokatika. Si kwamba ubongo wa watoto hawa ulishindwa kutengeneza nyuroni. Maelezo yanayokubaliana na majaribio ya panya ni kwamba ulizitengeneza, kisha hakimu akazihukumu nyingi mno.

Je, wajua kwamba kuna ugonjwa ulio kinyume chake? Msomaji wa mjini akisikia ATM huwaza foleni ya mwisho wa mwezi. ATM hii ni protini, tarishi anayekimbia kumpasha habari hakimu kwamba nyuzi zote mbili zimekatika. Jeni yake ilitambuliwa mwaka 1995 na kundi la Yosef Shiloh mjini Tel Aviv. Watoto wanaoikosa huugua ataksia telangiektasia: huzaliwa na kichwa cha kawaida, huanza kutembea, kisha taratibu hatua zinaanza kuyumba, kwa sababu nyuroni za ubongo mdogo wa kisogoni, unaoratibu mwendo, zinakufa. Mishipa midogo myekundu huonekana kwenye weupe wa macho. Mionzi ya kutibu saratani, wanayohitaji mara nyingi kuliko watoto wengine, huwadhuru vibaya katika dozi ambayo mtu mwingine angeistahimili.

Sasa angalia. McKinnon na wenzake walipowapiga mionzi panya wachanga wasio na ATM, mwaka 1998, nyuroni zilizokuwa zikikua hazikupukutika kama ilivyotarajiwa. Na ATM ilipoondolewa kwa wale panya wasio na ligesi 4, nyuroni zao nazo zikapona. Bila tarishi, hakimu hana habari. Ndipo likaja wazo ambalo mimi nalipenda, ingawa bado ni wazo: huenda katika ugonjwa huu nyuroni mbovu hupita mlangoni bila kukaguliwa, hukaa kazini miaka kadhaa, kisha huporomoka zikiwa ndani. Mtoto wa kwanza amepoteza nyuroni kabla ya kuzaliwa kwa kuwa ukaguzi ulikuwa mkali kupita kiasi. Wa pili anazipoteza akiwa darasa la pili kwa kuwa mkaguzi hakuitwa.

Dunia iliwahi kuona mchujo huu ukifanyika kwa binadamu, bila hiari ya yeyote. Mabomu yalipoangushwa Hiroshima na Nagasaki mwezi Agosti 1945, wapo watoto waliokuwa tumboni. Wapatao 1,600 walifuatiliwa kwa miaka mingi, na 30 kati yao walikutwa na ulemavu mkubwa wa akili. Wengi wa hao walikuwa na vichwa vidogo. Masanori Otake na William Schull walipozipanga takwimu kwa umri wa mimba, mwaka 1984, hatari ilijikusanya kati ya wiki ya 8 na ya 15 baada ya mimba kutungwa. Kati ya wiki ya 16 na ya 25 ilikuwa ndogo zaidi. Kabla na baada ya hapo haikuonekana. Wiki hizo za 8 hadi 15 ndizo ambazo nyuroni za gamba la ubongo zinazaliwa kwa wingi na kusafiri kwenda mahali pao.

Ndiyo maana mhudumu wa chumba cha eksirei humuuliza mama kama ana mimba kabla ya kumpiga picha. Asiogope mtu kupita kiasi, lakini. Picha moja ya kifua humfikishia mtoto tumboni mionzi kidogo mno, isiyolinganishwa kabisa na ile ya mabomu.

Kuna mshambulizi mwingine, na huyu alianza kujulikana hapa kwetu. Mwaka 1947 watafiti wa homa ya manjano waliokuwa Entebbe, Uganda, waliweka kima katika vizimba juu ya jukwaa mtini, ndani ya msitu wa Zika. Mmoja akapata homa, na katika damu yake kikapatikana kirusi kisichojulikana, kikapewa jina la msitu. Kwa miaka karibu 70 kilionekana kirusi cha homa nyepesi tu. Kisha mwaka 2015 Brazil ikaanza kuona watoto wengi wakizaliwa na vichwa vidogo isivyo kawaida. Zika hupenda kuingia hasa kwenye seli mama za ubongo wa kijusi. Humo hufanya uharibifu wa namna kadhaa, na majaribio ya maabara kwa seli za binadamu yameonyesha kwamba mojawapo ni kuvuruga DNA na kumwamsha p53. Kirusi, bomu na jeni iliyorithiwa ni vitu visivyofanana hata kidogo, lakini kesi zote huishia kwa hakimu yuleyule.

Tukiwa kwa hakimu huyo: wewe una jeni ya p53 moja uliyopewa na baba na moja uliyopewa na mama. Tembo ana nakala 20 kutoka kila upande, jambo lililotangazwa mwaka 2015, na seli zake zikiharibiwa DNA hupukutika kwa urahisi kuliko zetu. Ajabu ni kwamba huyohuyo tembo wa Afrika ana nyuroni bilioni 257, mara tatu ya zako, nyingi mno zikiwa kwenye ubongo mdogo wa kisogoni.

Vipi mtu akishakuwa mzima, tofali za akiba zimekwisha? Hapo sheria hubadilika. Nyuroni iliyokomaa haihukumiwi kwa ufa mmoja. Hukarabatiwa, hata ikichukua muda. Na kazi ipo tele, kwa kuwa ubongo ni asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini hutumia kama asilimia 20 ya oksijeni yake, na oksijeni, pamoja na wema wake, huacha mabaki yanayoila DNA kama kutu.

Samaki wadogo wenye milia, kipenzi cha maabara, wanatuonyesha ukarabati huo unafanyika lini. Watafiti wa Israel, wakiongozwa na Lior Appelbaum, waliripoti mwaka 2019 kwamba samaki hao wakiwa macho mikatiko hujilimbikiza ndani ya nyuroni zao, na wakilala kromosomu hucheza cheza zaidi na mikatiko hupungua. Mama anayemfukuza mtoto akalale ana hoja, hata kama yeye anawaza shule ya kesho tu.

Lililonishangaza kuliko yote nimeliacha mwisho. Mwaka 2013 watafiti wa San Francisco, katika maabara ya Lennart Mucke, waliwatoa panya wazima na wenye afya kwenye vizimba vyao wakawaweka mahali wasipopajua. Hawakuwapa sumu wala mionzi. Panya walizunguka, wakanusa pembe zote, wakapanda vitu, kama mgeni anavyofanya siku ya kwanza. Nyuroni zao zilipochunguzwa, DNA ilikuwa imekatika nyuzi zote mbili, tena kwa wingi zaidi katika sehemu ya ubongo inayojifunza ramani ya mahali. Miaka miwili baadaye kundi la Li-Huei Tsai mjini Cambridge, Massachusetts, likaeleza kwa nini: baadhi ya jeni za kujifunza zimefungwa kama kifurushi, na nyuroni yenyewe hukata uzi ili kifurushi kifunguke upesi.

Panya wale wa San Francisco walirudishwa vizimbani mwao. Kabla ya saa 24 kupita, mafundo yalikuwa yameshafungwa.